Jeneza Lililopita Kando ya Mashine

KITUO CHA POLISI, MJINI UNGUJA
MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU TUKIO LA GHALA LA SHEHENA, UWANJA WA NDEGE

Jina: Thuwaiba Shaame Makame
Umri: Miaka 52
Dini: Mwislamu
Kazi: Mkaguzi wa mizigo kwa mashine
Makaazi: Kiponda, Mji Mkongwe
Tarehe: 17 Februari 2025, asubuhi
Mbele ya: Sajenti Zeyana Khatib. Yupo pia mtaalamu wa usalama wa ndege kutoka nchi mshirika, pamoja na mkalimani wake.

Sajenti Zeyana kanieleza kwamba maelezo haya ni ya hiari na kwamba nikisema uwongo nnaweza kufikishwa mahakamani. Nimefahamu. Nimemwomba ayaandike kama nnavyoyasema, asiyatie sabuni, naye kakubali, ila kanambia nisiende mbio kwa sababu mkono unamuuma.

Nimekuja kwa ajili ya Wakil Jecha Vuai, mlinzi wa mlango wa ghala letu, ambaye yumo ndani ya kituo hiki tangu Jumanne jioni. Anatuhumiwa kwamba alipokea rushwa ili jeneza lipite kwenda kwenye ndege bila kukaguliwa, na kwamba huenda ana ushirika na watu wabaya. Mimi nasema Wakil hakupokea kitu. Alitoa. Nilimwona akitoa, na katika hicho alichokitoa na changu kimo. Nimelitanguliza hilo ili hata nikikatizwa njiani liwe lishaandikwa.

Kazi yangu ni kukaa mbele ya kioo cha mashine na kutazama matumbo ya mizigo ya watu. Nimeifanya miaka mingi. Mimi ni mtu wa shaka, silifichi hilo. Mume wangu akirudi Darajani na samaki, nnamfunua samaki mashavu, nnamgeuza, nnamfunua tena, na mume wangu husimama pale jikoni akasema, "Bi Thuwaiba, mkia bado hujaupekua." Watoto wangu hawajapata kunidanganya wakafika mbali. Kwa hiyo nnaposema nilikuwa nikimwangalia mtu, jueni nilikuwa nikimwangalia.

Mwaka jana nchi yetu iliingia katika mpango wa pamoja na nchi nyingine tatu, mpango wa kuzilinda ndege za abiria na magaidi. Wageni walituletea mashine mpya inayomeza hata friji. Wakatufundisha katika chumba chenye baridi ya kutetemesha meno. Walituonyesha picha za ndege iliyolipuliwa angani, na viatu vya watoto vilivyookotwa shambani kwa watu. Mimi nililia siku ile na sikuona haya. Sikatai kazi yao, liandikwe hilo. Bomu halimuulizi mtu dini yake wala anakokwenda. Mwalimu wetu alikuwa huyu bwana mwenye ndevu nyekundu aliyekaa hapo pembeni sasa hivi, na kila asubuhi alikuwa akitwambia kwa kinywa cha mkalimani, "Ukimwonea mtu haya, umeshampitisha." Nililishika neno lile mpaka nikawa nnalirudia nyumbani.

Mwanzoni mwa mwezi huu msimamizi wetu, Bwana Mansour, alitukusanya akatwambia kwamba wageni watatujaribu. Watapitisha bomu la bandia, siku wasiyoitaja, kwa njia wasiyoitaja, na tukilikosa ghala letu litanyang'anywa ruhusa ya kupeleka mizigo moja kwa moja nje. Hiyo maana yake ni kupoteza pweza wa Bwejuu, mwani, viungo, na kazi zetu sisi wenyewe. Tangu siku ile ghalani hapakukalika. Alikuja bibi mmoja wa Kizungu na kikapu cha viungo, tukamtolea iliki moja moja. Mwanamme mmoja aliuliza choo kiko wapi, akafuatwa na watu wawili mpaka mlangoni. Wakil alinambia, "Bi Thuwaiba, wallahi mimi jana nimemtilia shaka paka." Tulicheka, lakini roho zetu zilikuwa juu.

Mnamo tarehe 11 Februari, siku ya Jumanne, kiasi cha saa tisa na nusu mchana, wakati baadhi ya wenzangu wanatia udhu kwa Alasiri, gari ya mizigo iliingia uani kwetu. Nyuma pana sanduku la maiti limefunikwa kitambaa cha kijani chenye aya. Akashuka mwanamme wa makamo, kavaa kanzu na kofia, macho mekundu. Alijitaja kuwa ni Munir, Mngazija, na kwamba aliyemo ndani ni ndugu yake, mpishi wa hoteli moja huko Uroa, kafa ghafla alfajiri, na mama yao huko Ngazija hataki mwanawe azikwe ugenini. Karatasi zake zilikuwa sawa. Wakil alimpa mkono akamwuliza, "Keshasaliwa?" Akajibu, "Keshasaliwa huko huko Uroa."

Sasa hivi watu chungu nzima wanasema walimshuku tangu aliposhuka garini. Mmoja anasema viatu vyake vilikuwa vipya, mwengine anasema kanzu ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Mimi nilikuwa pale na sikuona kitu. Niliona mtu analia. Alisema, "Mama yetu mtu mzima, sijui nitamwambiaje," sauti ikamkatika, na mimi nikafuta macho kwa ncha ya mtandio wangu. Mimi, Thuwaiba, nnayemgeuza samaki mara mbili.

Munir akaingia ofisini kwa Bwana Mansour kugongewa mihuri. Hapo ndipo Wakil alipovua kofia yake ya kazi akaanza kutuzungukia. Alisema, "Jamaa mgeni huyu, hana mtu hapa, tumtie mkono." Sisi tunaita ubani. Aliyefiwa hupewa kitu na watu, kidogo kidogo, kila mtu kwa nafasi yake, asiachiwe msiba peke yake. Si lazima, wala hakuna anayeuliza umetoa nini. Mimi nilifungua pochi, nikatoa nilichonacho, nikakitia ndani ya kofia kwa mkono wangu huu wa kulia. Wapagazi wakatia. Kijana wa mizani akatia. Wakil na yeye akatia cha kwake, akazikunja zile noti zote pamoja.

Munir alipotoka ofisini, Wakil alimshika mkono kama anayemsalimia, akampa zile noti ndani ya kiganja, maana ubani hautolewi kwa kutangaza. Akamsogelea, akamwambia neno sikioni. Afande kaniuliza ni neno gani. Sikulisikia, lakini si la kutafutwa, ni "Mungu akupe subira". Kisha Wakil akajigusa kifuani kwa kiganja kile kile, kama anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa hapa akishampa mtu mkono. Munir ndiye aliyezitia fedha mfukoni, mfuko wa ubavuni wa kanzu. Mimi nilikuwa umbali wa kutoka hapa mpaka dirisha lile.

Nnajua karatasi hii itatafsiriwa isomwe na wageni, basi linalofuata nnalieleza ingawa kwetu halielezwi, kila mtu kalikuta. Jeneza likipita, mwanamme haulizi ni la nani. Anaacha anachokifanya, anatia bega, anakwenda nalo kadiri anavyoweza, kisha anampokeza mwenziwe. Muuza kahawa anaacha birika lake njiani. Mwenye duka anaacha duka wazi. Hata aliyekuwa hasemi na marehemu siku hiyo anatia bega. Ni thawabu, na mtu asiyetia bega hutazamwa. Wala jeneza likishainuliwa halitafutiwi pa kuwekwa. Linapokezwa hivyo hivyo, bega kwa bega, mpaka linapokwenda.

Basi sanduku lilipoteremshwa garini wapagazi walilikimbilia. Mzee Machano, mpagazi mkubwa kuliko wote pale, akaanza "Lailaha illallah", wakaitikia. Wakil akaacha mlango akatia bega. Nnakubali, aliacha mlango. Hilo ni kosa la kazi, na yeye mwenyewe, nnavyomjua, hatalikataa. Lakini hakuacha peke yake. Wa mizani aliacha mizani. Dereva wa foko, ile gari yetu ya kuinulia mizigo, aliruka chini na injini inanguruma. Na Bwana Mansour, aliyetukataza kumwamini hata mgeni wa kuuliza choo, alitoka ofisini bila viatu akatia bega la nyuma. Mimi nilisimama mbele ya mashine yangu nikainamisha kichwa. Jeneza likapita kando ya mashine. Baina ya jeneza na mashine palikuwa na nafasi ya kupita mbuzi.

Afande kaniuliza kama nilinyamaza kimya. Sikunyamaza. Nilisema, "Jamani, mashine." Kaniuliza kwa sauti gani. Kwa sauti ya mtu aliyeko mbele ya maiti, mwanangu, sauti gani nyingine? Hapana aliyenisikia, na mimi sikurudia.

Walipofika karibu na ndege, Mzee Machano aliwaambia wasimame wamsomee marehemu kabla hajaingizwa. Wakasimama jeneza likiwa mabegani, wakasoma Fatiha. Mimi nilikuwa nimesogea mpaka mlangoni, nikaisoma nilipo. Walivyosema tu amina, wakatokea watu wanne waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa, wageni watatu na askari wetu mmoja, walikuwa nyuma ya gari ya mafuta. Mmoja akainua mkono. Askari wetu akasema, "Zoezi limekwisha. Tueni hilo jeneza." Wakalifungua hapo hapo. Ndani mlikuwa na sanamu la plastiki, lile wanalovishia nguo madukani, limetiwa sanda, na juu ya tumbo lake kisanduku chenye nyaya.

Huyu bwana mwenye ndevu nyekundu alikuwa akiandika. Mzee Machano alilitazama lile sanamu, kisha akauliza, hajui anamwuliza nani, "Sasa ile Fatiha imekwenda wapi?" Mtu mmoja akacheka kwa woga, akakoma. Mimi nilihisi kama nimevuliwa mtandio katikati ya Darajani. Nilipomtafuta Munir kwa macho, keshaondoka. Hatujamwona tena mpaka leo.

Jioni ile ile Wakil akachukuliwa. Bwana Mansour alitwambia kamera ya mlangoni imemwonyesha Wakil akipeana noti na yule mfiwa wa uwongo, wakinong'onezana, kisha Wakil akatia mkono mfukoni kifuani, na dakika chache baadaye jeneza likapita bila kukaguliwa. Alipopekuliwa alikutwa na fedha mfukoni. Nani anayekwenda kazini bila nauli ya kurudia? Lakini wageni waliandika katika ripoti yao kwamba palikuwa na mapatano ya fedha, na ripoti ya wageni ikishaandikwa hapa kwetu inakuwa kama imeshuka kutoka mbinguni.

Kuanzia Jumatano tuliitwa mmoja mmoja kuulizwa. Nimeambiwa walichosema wenzangu. Kijana wa mizani kasema hakuona kofia. Wapagazi wamesema hawajui ubani wowote. Dereva wa foko kasema alikuwa juu ya foko lake muda wote. Bwana Mansour kasema alikuwa ofisini, na kwamba aliposikia kelele ndipo alipotoka. Kelele! Siwatukani. Wana watoto, na neno gaidi likishamgusa mtu halimtoki hata akioga bahari nzima. Ila wamenichoma. Mtu kasimama na wewe katia fedha kofia moja, leo anakwambia hakuiona kofia.

Mimi niliitwa mwisho, siku ya Alkhamisi, nikaonyeshwa ile picha ya kamera kabla sijaulizwa kitu. Nataka niseme ukweli ulionitisha kuliko yote. Kamera iko juu, nyuma ya bega la Wakil. Unaona mikono miwili inakutana, unaona karatasi, unaona vichwa vinasogeleana, kisha unaona mkono wa Wakil unakwenda kifuani, penye mfuko. Wallahi nikamshuku. Kwa muda wa kama kumeza mate mara mbili, nilimshuku Wakil, na mimi fedha nimeitia kwa mkono wangu! Nikasema moyoni, labda alitoa zetu akapokea za yule. Nikatoka hapa kituoni bila kusema la maana, nimesema tu "sikumbuki vizuri". Ndiyo maana leo nimerudi mwenyewe. Alkhamisi sikuwa nimesahau, nilikuwa naogopa.

Nilirudi kazini nikaanza kumtafuta aliyewaambia wageni. Kwa sababu mgeni hawezi kuota jambo kama lile. Lazima kuna mwenyeji aliyekaa nao akawaambia, hawa mkitaka kuwapita, wapitieni na jeneza, watakubebeeni wenyewe. Nilimshuku kijana wa mizani kwa sababu anasoma kompyuta. Nikamshuku mkalimani. Nikamwendea Bwana Mansour nikamwuliza usoni, "Ni wewe uliyewauzia?" Hakukasirika. Alinitazama akasema, "Bi Thuwaiba, mimi nimelala siku mbili nikijua ni wewe." Mpaka leo sijui ni nani, na sasa hivi ghalani kila mtu anakunywa chai yake pembeni yake.

Ijumaa baada ya sala alikuja kwangu Nadhira, mke wa Wakil, na mtoto mgongoni. Sikumkaribisha vizuri, nilichungulia kwanza dirishani kuona kama amefuatwa, na yeye aliona kwamba nimechungulia. Hakulia. Alinambia, "Shikamoo Bi Thuwaiba. Mtaani washaacha kuniitikia salamu. Mwenye nyumba kanambia nitafute pengine. Wakil amenitumia neno moja tu, kasema nenda kwa Bi Thuwaiba, yeye alikuwepo." Nilimwambia ngoja nifikirie. Akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema, "Haya," akaondoka.

Sasa nnasema na huyu bwana mwenye ndevu nyekundu, na mkalimani amfikishie kama ilivyo. Umenifundisha kazi na nakushukuru. Umeleta mashine. Mnapeana majina ya watu wanaotafutwa dunia nzima, mtu akipanda ndege huko mnajua huku kabla hajashuka. Basi shirikianeni kwa swali moja tu. Muulizeni yule aliyejiita Munir: zile fedha alitoa au alipokea? Mtu wenu ni huyo, yuko hai, ana ulimi. Wakil amekaa ndani siku zote hizi kwa sababu ya kitu ambacho mtu wenu anakijua. Mkalimani amenijibu kwamba bwana anasema jina na mahali alipo mtu yule ni siri ya kazi. Mimi sitaki jina lake. Wala sitaki fedha yangu. Nataka jibu lake.

Afande kaniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo.

Juzi Jumamosi, tarehe 15, asubuhi kabla ya saa tano, tuliletewa maiti wa kweli. Ni fundi uashi kutoka Tabora, alianguka kwenye jengo linalojengwa Bwejuu. Alikuja naye ndugu yake mmoja tu, jina lake Sudi, kijana wa miaka kama thelathini, nguo zake bado zina saruji. Safari hii foko lilimteremsha likamweka kwenye mkanda wa mashine, na mimi nikampitisha. Nilitazama kama nilivyofundishwa, sikuona haya. Nilimwona mtu kalala. Niliona mbavu zilivyovunjika upande wa kushoto na paja limekatika mara mbili. Hapakuwa na kisanduku, hapakuwa na nyaya. Nikasema, "Safi." Neno hilo ndilo tunalosema, mzigo ukiwa hauna kitu, "safi", na nilipolisema Sudi alinigeukia, na mimi nikataka kulirudisha mdomoni.

Sanduku likatoka upande wa pili, likakaa. Sudi akashika pembe yake, akangoja. Ghalani walikuwemo wanaume saba au wanane. Hapana aliyesogea. Mmoja akatia mikono mifukoni. Kijana wa mizani akaanza kupangusa mizani iliyokuwa safi. Mzee Machano akageukia ukuta na tasbihi yake. Wote walikuwa wakiitazama kamera, kisha wakimtazama Sudi, wakimpima, kama na yeye ni mtu wa wageni. Sudi akasema, "Jamani, nisaidieni ndugu yangu." Akasema tena. Hajui nini kimetokea hapa Jumanne, yeye anaona tu watu wanamtazama. Bwana Mansour akasema kutoka ofisini, bila kutoka, "Ngojeni foko."

Wanawake kwetu hatubebi jeneza. Sikumwona mama yangu akilibeba, wala bibi yangu, na mimi sikufikiria hata siku moja kwamba nitalibeba. Nilitoka nyuma ya kioo changu, nikafunga mtandio kiunoni, nikatia bega mbele pamoja na Sudi. Niliwaita kwa majina. Nilimwita Mzee Machano. Tuliinua upande wa mbele, mimi na Sudi, nikalisikia sanduku linaniuma hapa begani, na upande wa nyuma ukabaki chini. Tulisimama hivyo. Kamera ilikuwa juu yetu na ilituona. Sudi alikuwa akilia na mimi nilikuwa nikilia, na huku nikimwona kwa macho yangu mwenyewe nilikuwa nikijiuliza kama analia kweli.

Mwisho tulilitua, na yule fundi akapelekwa kwenye ndege kwa foko, pamoja na maboksi ya pweza.

Kwa hiyo andika, afande. Nilichokifanya mimi Jumamosi na alichokifanya Wakil Jumanne ni kitu kimoja. Aliacha mlango, niliacha mashine. Alitoa ubani, na mimi nilimtia Sudi kitu mkononi, mbele ya kamera, nikajigusa kifuani. Kama yeye ni gaidi, mimi simuombei, nnaomba nikae naye ndani. Na kama si gaidi, mtoeni, kwa sababu katika ghala zima lile ndiye mtu peke yake ambaye angeinua ule upande wa nyuma.

Nimesomewa yote haya kwa Kiswahili changu. Ni maneno yangu, sikufundishwa wala sikulazimishwa, na hapa ndipo yanapokoma.

(Saini) Thuwaiba Shaame Makame

MAONI YA AFISA ALIYEANDIKA

Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, naye ameyakubali. Mtaalamu wa nchi mshirika alipendekeza sehemu ya Jumamosi iondolewe kwa kuwa haihusu shauri hili. Sikuiondoa.

Baada ya shahidi kutia saini, mtaalamu huyo alitoka nje akapiga simu. Swali la shahidi limepelekwa kwa mtu aliyejiita Munir kupitia ofisi ya ushirikiano. Jibu lake limefika leo hii jioni, nalo nalinakili kamili kama lilivyotafsiriwa: "Fedha nilipokea mimi. Sikusema kwa sababu nilidhani wakubwa wangu wananijaribu."

Mtuhumiwa Wakil Jecha Vuai ameachiwa kabla ya Magharibi. Shahidi alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje.

(Saini) Sajenti Zeyana Khatib